Randa ya umeme inachimba mwisho wa ubao na visu havikai na makali: nianze kuangalia wapi?

Seremala wa Rangi Tatu aliandika:

Habari za kazi, mafundi wenzangu.

Nina karakana ndogo Mbagala Rangi Tatu, ambako kwa miaka sita nimekuwa nikitengeneza milango, fremu na vitanda kwa randa ya mkono. Mwaka huu kazi za milango ziliongezeka, nami nikaona kwamba mkono peke yake hautoshi, hivyo nikanunua Kariakoo randa ya umeme ya kushika mkononi yenye wati 750 na visu viwili vya kukata upana wa milimita 82. Kwa miezi miwili ya mwanzo ilinifurahisha sana, kwa sababu mbao za mninga zilizokuwa zikinichukua asubuhi nzima nilizimaliza kabla ya chai ya saa nne.

Sasa mambo yamebadilika. Kila ninaposukuma mashine hadi mwisho wa ubao, sentimita tano au sita za mwisho huchimbika na kuacha bonde dogo ambalo jicho linaweza kulipita, lakini mkono haulipiti. Wiki iliyopita mteja alikuja kuangalia mlango wake kabla sijapaka vanishi. Alipitisha kiganja taratibu juu ya mhimili, yaani ubao wa wima wa pembeni mwa mlango, kilipofika karibu na mwisho akasimama, akakirudisha nyuma, kisha akakipitisha tena mahali palepale. Hakusema neno, ila aliniomba niurudie mlango kabla hajamalizia malipo, na alikuwa na haki.

Pamoja na hilo, uso wa ubao una mawimbi madogo yaliyo sambamba, hasa kwenye mkongo. Mashine inatetemeka mkononi kuliko zamani, baada ya nusu saa hutoa harufu ya kuungua, na kupitia matundu ya hewa ninaona cheche. Visu navyo vinaisha makali kwa siku mbili, wakati mwanzoni vilidumu wiki tatu. Umeme naupata kwa waya wa kuunganishia wa mita 40 hivi kutoka kwenye duka la jirani, kwa kuwa chumba changu bado hakijaunganishwa.

Ninaomba kuelekezwa nianze kuangalia wapi, kwa sababu sina uwezo wa kununua mashine nyingine mwaka huu.

Fundi Samani Manzese alijibu:

Pole sana, ndugu yangu. Kwa maoni yangu, wati 750 ni ndogo kwa mninga na mkongo, kwa kuwa hizi ni mbao ngumu na mashine ya namna hiyo inafaa zaidi kwa msonobari wa Sao Hill. Ningekuwa wewe ningeiuza ikiwa bado inazunguka, nikachanga kidogo, nikatafuta ya wati 1000 au zaidi. Mashine ikishaanza kutoa harufu, mara nyingi safari yake haiwi ndefu.

Mzee wa Keko alijibu:

Fundi wa Manzese, nimekusoma na ninakuheshimu, lakini kijana asiuze chochote kwanza. Mashine yenye nguvu kubwa ambayo visu vyake havikufungwa sawasawa itachimba bonde lilelile, tena kwa kasi zaidi. Nimefanya kazi ya mbao Keko tangu enzi ambazo randa ya umeme ilikuwa kitu cha kuazimana, na katika mashine nyingi nilizoletewa zikiwa zimehukumiwa kuwa mbovu, kasoro ilikuwa kwenye ufungaji wa visu.

Mwanangu, itazame mashine yako kwa chini. Ina viatu viwili vya chuma. Kiatu cha mbele hupanda na kushuka unapozungusha kishikio cha mbele, na tofauti kati yake na kiatu cha nyuma ndiyo kina cha kukata. Kiatu cha nyuma hakisogei kamwe. Katikati yao kuna ngoma inayobeba visu viwili. Sheria ambayo kazi yote imejengwa juu yake ni kwamba, mashine ikiwa imegeuzwa miguu juu, kila kisu kinapofika juu kabisa ya mzunguko wake, makali yake yawe usawa mmoja na kiatu cha nyuma, yasizidi wala yasipungue, na yawe hivyo kwa urefu wote wa kisu. Kiatu cha nyuma hutembea juu ya sehemu iliyokwisha kukatwa, kwa hiyo kisu na kiatu hicho visipokubaliana, mashine haina mahali pa kuegemea.

Ubao wenyewe hukueleza kasoro iko wapi. Ukichimbika mwanzoni, kisu kimoja au vyote viwili havijajitokeza vya kutosha kufikia usawa wa kiatu cha nyuma. Ukichimbika mwishoni, kama ulivyoeleza, kisu kimoja au vyote viwili vimejitokeza kupita kiasi: wakati kiatu cha mbele kimeshauacha ubao na mashine imebaki na kiatu cha nyuma tu, hushuka ule mwanya uliozidi na kisu kikazama. Ukiona mistari mirefu kama mikwaruzo, kisu kimelala upande, ncha moja iko juu kuliko nyingine, au kina pengo. Mawimbi ya kukingama hutokea pale kisu kimoja peke yake kinapofanya kazi ya viwili, au pale unaposukuma kwa haraka.

Nikufafanulie hilo la mawimbi kwa hesabu, kwa sababu vijana wengi hudhani ni ubovu wa mota. Chukua ngoma inayozunguka mara 16,000 kwa dakika ikiwa na visu viwili. Ubao hupata mikato 32,000 kwa dakika. Ukisukuma mita 4 kwa dakika, kila mkato unasogea takriban sehemu ya nane ya milimita, na jicho haliwezi kuiona. Sasa fikiri kisu kimoja kiko chini na hakigusi mbao, nawe una haraka ya mteja na unasukuma mita 12 kwa dakika. Kila mkato unakuwa robo tatu ya milimita, na mota ikizidiwa na kupunguza mzunguko, mawimbi hupanuka zaidi. Vanishi ikishapakwa, mwanga wa dirishani utayaonyesha yote.

Kupima ni rahisi, lakini kunahitaji utulivu. Chomoa plagi ukutani. Usiridhike na kuzima swichi tu. Chomoa, na uiweke plagi mahali unapoiona. Igeuze mashine miguu juu mezani, uiegemeze kwa vipande vya mbao isiyumbe. Zungusha kishikio hadi kwenye sifuri. Chukua rula ya chuma iliyonyooka au kipande cha mbao kavu ulichokipiga randa vizuri, kilaze juu ya kiatu cha nyuma ili kichomoze mbele kupita ngoma. Kisha zungusha ngoma polepole kwa kijiti, usitumie kidole. Makali yapite yakiigusa rula kwa mbali kabisa, kama mtu anayepapasa shavu la mtoto aliyelala. Kisu kikiinyanyua rula kiko juu; kikipita bila kugusa kiko chini. Pima ncha ya kulia, katikati, na ncha ya kushoto, kisha rudia kwa kisu cha pili.

Unapofunga upya, safisha kwanza kitako cha kisu, ngoma na vibati vya kubania, kwa sababu kaukoko ka utomvu wa msonobari kasikozidi unene wa karatasi kanatosha kukinyanyua kisu. Mimi hutumia kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, nikafuta hadi kukauka. Kaza skrubu kidogo kidogo kwa zamu, ukianzia ya katikati, kisha ya kulia, kisha ya kushoto, halafu urudie mzunguko huo hadi zikaze sawa. Ukikaza moja hadi mwisho kabla ya nyingine, kisu hujipinda. Ukimaliza pima tena, kwa kuwa kukaza nako hukisogeza kisu.

Mkono nao una sehemu yake. Unapoanza ubao, uzito wako uwe kwenye kishikio cha mbele. Katikati gawanya sawa. Unapokaribia mwisho, hamishia uzito nyuma na uache mkono wa mbele uongoze tu bila kukandamiza. Wengi huendelea kukandamiza mbele hata baada ya kiatu cha mbele kuuacha ubao, na hapo hata visu vilivyofungwa vizuri vitachimba. Kama ubao una urefu wa ziada, acha sentimita kumi za kukata baadaye.

Kabla sijaendelea nina maswali mawili. Umesema makali yalidumu wiki tatu na sasa siku mbili. Je, kati ya wakati ule na huu, visu vilinolewa na nani, na kwa kutumia nini? Na ukivitazama sasa kwenye mwanga wa jua, karibu na makali vina rangi gani?

Seremala wa Rangi Tatu alijibu:

Shikamoo Mzee, na asante kwa kunijibu kwa kirefu namna hii. Nilivipeleka kwa mnoaji wa mtaani anayetumia jiwe la umeme, naye alivimaliza kwa dakika chache, kisha nikavifunga mwenyewe kwa kukadiria kwa jicho. Nimevitoa sasa hivi. Kimoja kina rangi ya bluu iliyochanganyika na kahawia kando ya makali, karibu nusu ya urefu wake. Nilipoviweka mgongo kwa mgongo juu ya kioo, kimoja ni chembamba kwa upana kuliko kingine kwa milimita moja na zaidi kidogo.

Mzee wa Keko alijibu:

Marahaba, mwanangu. Rangi hiyo ya bluu imetueleza kila kitu. Chuma kilipata moto kwenye jiwe kikapoteza ugumu wake, na kisu kilicholainika namna hiyo hakiwezi kushika makali hata ukinoe vipi, isipokuwa usage sehemu yote iliyobadilika rangi, jambo ambalo litakimaliza chenyewe. Na huo upungufu wa upana ndio mtetemo unaousikia mkononi. Visu viwili lazima vilingane ukubwa na uzito, kwa kuwa katika mizunguko 16,000 kwa dakika gramu chache za tofauti huitikisa ngoma na kuzila beringi. Visu hivyo usivirudishe. Nunua jozi mpya, viwili kwa pamoja, vya aina moja, na usichanganye kipya na cha zamani.

Jozi mpya ikipungua makali, noa kwa mkono juu ya jiwe la kunolea la maji, ulilolowesha kwanza. Shika visu vyote viwili kwenye kishikilio kimoja cha kunolea ili vipate pembe moja na vipungue sawasawa. Kama kishikilio hakikuja na mashine yako, kata kipande kifupi cha mbao ngumu chenye mifereji miwili iliyolala pembe ileile ya makali ya kiwandani. Cha kwangu nilikitengeneza kwa kipande cha mvule na bado ninakitumia.

Karakana ya Bunju alijibu:

Shikamoo Mzee, na nisamehewe kwa kutokubaliana kidogo kuhusu kunoa. Kwa kijana mwenye kazi nyingi za milango, ningemshauri aulizie visu vyembamba vya kabaidi, ambayo ni ngumu kuliko chuma cha kawaida, vyenye makali pande mbili, ikiwa ngoma ya mashine yake inavikubali. Upande mmoja ukiisha, unakigeuza kisu na kuendelea na kazi, na pande zote mbili zikiisha unaweka vipya. Kwa kuwa kisu hakinolewi, upana wake haubadiliki, na kosa la kufunga linapungua sana. Mimi ninafanya kazi nyingi za mtiki, na mti huo una mchanga wa silika ndani yake unaomaliza makali ya chuma cha kawaida upesi mno. Mvule nao mara nyingine huficha vijiwe vya chokaa ambavyo huvioni mpaka umevikuta. Kwa mbao hizo kabaidi imenipunguzia muda mwingi wa kusimama.

Hasara yake lazima niiseme pia. Kabaidi ni ngumu lakini ni rahisi kuvunjika, na msumari mmoja tu uliofichika huipasua pengo, ambapo kisu cha kawaida kingepata jino linaloweza kunolewa. Kwa hiyo kwenye mbao zilizobomolewa kutoka nyumba za zamani mimi hurudi kwenye visu vya kawaida, na kabla ya kuanza napitisha sumaku ya spika mbovu juu ya kila ubao, pande zote nne.

Jambo jingine ambalo halijaguswa ni nyuzi za mbao. Tazama ubavu wa ubao uone nyuzi zinapandia upande gani, na usukume mashine kuelekea zinakopanda. Ukienda kinyume, kisu huzing'oa badala ya kuzikata. Mvule, na wakati mwingine hata mninga, nyuzi zake hupishana, hivyo kila upande utakaoelekea kuna mahali patakaponyanyuka. Hapo punguza kina hadi nusu ya milimita au chini yake, sukuma taratibu, na ulaze mashine mshazari kidogo dhidi ya mwendo wako. Usikate milimita mbili kwa mkupuo mmoja kwa mashine ya wati 750. Pitisha mara tatu au nne kwa kina kidogo. Pasi ya mwisho mimi humalizia kwa randa ya mkono iliyonolewa vizuri, na msasa haupati kazi kubwa baada ya hapo.

Fundi Mota Buguruni alijibu:

Mafundi wa mbao wamemaliza upande wao, nami niongeze upande wa umeme, kwa sababu harufu na cheche haziwezi kupuuzwa hata visu vikifungwa vizuri.

Kwanza ni huo waya wa mita 40. Nenda ukasome maandishi yaliyo kwenye ganda lake. Kama ni waya mwembamba wa milimita za mraba 0.5, wa aina inayotumika kwenye taa za mezani, umetengenezwa kwa mkondo wa ampea 3 hivi. Mashine ya wati 750 kwa volti 230 inavuta zaidi ya ampea 3 inapokuwa na mzigo kamili, na katika mita 40 za waya huo, kwenda na kurudi, karibu volti 10 hupotea njiani. Jumlisha na umeme wa jioni ambao kwenye mitaa yetu mara nyingi hushuka wakati kila nyumba imewasha vitu vyake. Mota ikipata volti pungufu huzunguka polepole, fundi akiona haikati husukuma kwa nguvu zaidi, na feni iliyoko kwenye mhimili wa mota, ambayo ndiyo inayoipoza, nayo inapuliza kidogo. Joto linapanda kutoka pande zote, na vanishi ya nyaya za koili ndiyo unayoinusa. Tumia waya wa milimita za mraba 1.5, na uukunjue wote. Waya uliobaki umezungushwa kwenye gurudumu lake hujipasha joto wenyewe; nimewahi kuletewa uliokuwa umegandana kama mkate.

Pili ni cheche. Mota hizi hupata umeme kupitia vipande viwili vya kaboni vinavyosukumwa na springi dhidi ya shaba inayozunguka. Cheche ndogo za bluu chini ya kaboni ni za kawaida. Cheche kubwa za njano zinazozunguka shaba yote kama pete ni dalili ya kaboni zilizokwisha, springi iliyolegea, au shaba iliyochakaa. Fungua vifuniko viwili vya pembeni, plagi ikiwa imechomolewa, uzitoe kaboni. Kaboni nyingi zina mstari wa kikomo. Zikiufikia, badilisha zote mbili kwa pamoja, za kipimo kilekile, na uhakikishe zinateleza zenyewe ndani ya nyumba zake bila kukwama. Ninaomba sana, usisage kaboni ya mashine nyingine kwa tupa ili itoshee. Ikikaa upande, itakula shaba, na kusuka mota upya kunaweza kukaribia bei ya mashine.

Tatu, ondoa kifuniko cha mkanda kilicho ubavuni. Mkanda wenye mifereji ndio unaopeleka nguvu kwenye ngoma, na vumbi la mbao likijaa mle hulainisha mifereji, mkanda ukateleza na kunuka mpira. Harufu hiyo ni tofauti na ya koili, na pua yako itazitenganisha ukishazijua zote mbili. Mkanda wenye nyufa au nyuzi zilizochomoza ubadilishwe. Baada ya kila siku ya kazi puliza matundu ya hewa. Brashi kavu ya rangi na pampu ya baiskeli vinatosha.

Nimalizie na wanaonunua mashine zilizotumika. Soma kibati chenye maandishi ya volti kabla ya kutoa pesa. Zipo zilizotengenezwa kwa soko la Japani la volti 100 au la Marekani la volti 120, na ukizichomeka kwenye umeme wetu wa volti 230 zitazunguka kwa sekunde chache kwa kasi ya ajabu, na huo ndio utakuwa mwisho wake.

Dada wa Milango Tegeta alijibu:

Nawashukuru wote, nimejifunza mengi humu. Mimi huitwa zaidi kurekebisha milango iliyokwishafungwa, hasa wakati wa masika, kwa hiyo nitazungumzia hilo na usalama.

Mlango ukivimba mwezi wa nne kwa unyevu, usiupige randa ukiwa umesimama kwenye bawaba zake. Utoe, uulaze ubavu, uubane vizuri. Upande wa juu na wa chini, ambako ncha za nyuzi za mihimili zinaonekana, anza kutoka kila pembe kuelekea katikati, la sivyo kisu kitapasua kona kikitokea upande wa pili. Ama bana kipande cha mbao ya taka pale mwisho kipokee mpasuko badala ya mlango. Punguza kidogo tu, kwa sababu kiangazi kikija mbao itarudi na utaachiwa mwanya. Kisha paka sila (rangi ya kuziba vinyweleo vya mbao) au vanishi mara moja kwenye ukingo uliokatwa. Ukiuacha wazi utanyonya unyevu wa pwani upya, na masika yajayo utaitwa kwenye mlango uleule.

Kuhusu usalama, kaka yangu, sitasema kwa wepesi. Mwenzangu katika karakana niliyojifunzia kazi alipoteza ncha ya kidole cha kati kwa kuingiza mkono kwenye tundu la maranda lililoziba, wakati mashine imezimwa. Ilikuwa imezimwa kweli, lakini ngoma ilikuwa bado inazunguka. Ngoma huendelea kuzunguka kwa sekunde kadhaa baada ya kuachia swichi, na mlio wake huwa umeshapungua kiasi cha kukudanganya. Tundu likiziba, chomoa plagi, subiri, kisha toa maranda kwa kijiti. Kama mashine yako ina kiguu kidogo chini ya kiatu cha nyuma kinachoinyanyua inapowekwa chini, hakikisha kinashuka chenyewe; kama haina, ilaze kwa ubavu mpaka ngoma isimame.

Vaa kizuia sauti masikioni na barakoa inayozuia vumbi. Kitambaa cha kujifunga puani hakitoshi. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limeliweka vumbi la mbao katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu tangu 1995, na saratani inayohusishwa nalo zaidi ni ya pua na matundu yake. Vumbi la mninga na la mvule huwawasha wengine ngozi na kifua kabla ya yote hayo.

Na maranda yenu, ambayo wafuga kuku hupitia kuyanunua kwa magunia, yatengeni. Ya mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa yasiuzwe kwa ajili ya banda, wala yasichomwe jikoni.

Seremala wa Rangi Tatu alijibu:

Nimerudi kutoa taarifa, kwa kuwa si vizuri kuomba ushauri na kunyamaza.

Nilinunua jozi mpya ya visu vya kawaida, kwani ngoma yangu haina nafasi ya vile vya kabaidi. Nilipoisafisha kwa mafuta ya taa nilikuta utomvu mweusi uliogandamana kwenye kiti cha kisu kimoja, mgumu hivi kwamba niliukwangua kwa kipande cha mwanzi. Nilifunga, nikapima kwa rula, nikakosea mara tatu. Kisu cha pili kilikuwa sawa katikati na juu kwenye ncha ya kushoto, na kila nilipokaza skrubu ya mwisho kilisogea. Mara ya nne nilifuata zamu ya kukaza kama Mzee alivyoelekeza, na rula ikapapaswa pande zote tatu. Kazi hiyo ilinichukua saa moja na nusu, nami ninaamini mara nyingine itakuwa nusu yake.

Waya wa jirani ulikuwa kweli wa milimita za mraba 0.5. Nimenunua mwingine wa 1.5 nikaukunjua wote, na mlio wa mashine umebadilika, umekuwa wa juu na wa mfululizo. Kaboni moja ilikuwa imefikia mstari, nyingine ilibaki kidogo, nikabadilisha zote. Mkanda ni mzima.

Jana nilirudia mihimili miwili ya mlango wa yule mteja kwa kina cha nusu ya milimita, nikihamisha uzito nyuma nilipokaribia mwisho, na nikamalizia kwa randa ya mkono. Amekuja leo mchana. Alipitisha kiganja kama alivyofanya siku ile, safari hii kikaenda hadi mwisho na kutoka, naye akamalizia malipo yangu.

Limebaki swali moja. Kwenye ngoma, pale kisu kinapokaa, kuna kijichongo kidogo cha chuma kilichonyanyuka, nadhani kwa sababu niliwahi kukaza kwa nguvu mno. Je, nikisawazishe kwa tupa?

Mzee wa Keko alijibu:

Usitumie tupa, mwanangu, kwa kuwa ukiondoa zaidi ya kile kilichonyanyuka kiti cha kisu kitakuwa na shimo na hakuna kibati kitakacholirudisha. Chukua jiwe dogo la kunolea lililo bapa, lilaze juu ya kiti chenyewe lisiinuke upande wowote, na ulisugue polepole bila kukandamiza, mara tano au sita tu. Kisha futa, na upitishe ukucha. Ukucha usipokwama, acha hapohapo. Unapofunga, hesabu mizunguko ya spana kwa kila skrubu ili zote zipate kukazwa sawa, na spana yenyewe iwe ile fupi iliyokuja na mashine, usiirefushe kwa bomba. Kabla hujachomeka, zungusha ngoma kwa kijiti mzunguko mzima mara mbili, usikilize kama kuna kinachogusa. Kisha iwashe ukiwa umeielekeza mbali na watu, iache izunguke dakika moja bila kugusa ubao. Ikitetemeka, izime, chomoa, na upime tena kuanzia kisu cha kwanza.